Kabla ya Kaunta: Mazungumzo na Vikundi Juu ya Kazi za Jikoni

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Ngara, Nairobi.)



Tunajua wengine wenu mmepanda matatu alfajiri, na wengine mmelala kwa jamaa hapa mjini ili muwahi. Mada ya leo mliichagua nyinyi wenyewe. Katika ziara zetu vikundini swali limekuwa lile lile: tumechanga pesa, tunataka kuweka makabati ya jikoni na kaunta nzuri juu yake, tuanzie wapi? Zamani tuliulizwa juu ya matangi ya maji na mbuzi wa maziwa. Siku hizi ni jikoni. Sisi hatuoni ubaya. Mtu anayesimama jikoni saa sita kila siku ana haki ya kupata mahali pazuri pa kufanyia kazi. Na wazee mlioketi pale nyuma, msidhani hii ni habari ya akina mama peke yao, maanake mfuko unaolipa mara nyingi ni mmoja.

Tukisema kaunta tunamaanisha ule uso wa juu wa kabati, pale mnapokatia sukuma wiki na kusukumia chapati. Inaweza kuwa ya mbao, ya taili, ya terazo, au ya jiwe la graniti. Wengi hufikiria kaunta kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo yenye bei. Sisi leo tutazungumza zaidi juu ya vitu vilivyo chini yake, maanake kaunta haifichi makosa ya chini. Huyatoa nje watu wote wayaone.

Yaliyokipata kikundi kimoja

Tuwape mfano wa hapa hapa Ngara. Jina la kikundi tutaliacha. Ni akina mama kumi na wanne wanaopika kwa harusi na matanga. Walichanga kwa mwaka mmoja na nusu, na mwaka wa 2022 wakapata chumba cha kukodi katika nyumba moja ya mawe ya zamani, zile za wakati Ngara ilikuwa mtaa wa Wahindi. Mnazijua: kuta nene, dari iko juu sana, sakafu ya simiti iliyolainishwa na miguu ya watu wa miaka mingi.

Fundi wa mawe ndiye aliyeitwa kwanza, kwa sababu walisikia bei ya graniti inapanda wakaogopa. Akapima chumba kutoka ukuta hadi ukuta, akaandika kwenye karatasi, akaenda kukata. Seremala alikuja wiki mbili baadaye na makabati ya chipibodi. Siku ya kuunganisha, jiwe halikukaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tumbo katikati, na kona haikuwa mraba. Upande mmoja jiwe liligusa ukuta, upande wa pili pakabaki nafasi ya vidole viwili. Sakafu nayo iliinama kuelekea mlangoni, hivyo makabati yakashuka kama ngazi. Mafundi wakajaza simiti hapa na silikoni pale, wakalipwa, wakaenda zao.

Baada ya miezi mitatu maji ya sinki yalikuwa yamepata njia katika ule ufa wa nyuma. Chipibodi ikinywa maji huvimba kama mandazi, na hairudi tena. Milango ikakataa kufunga. Halafu siku moja mama mmoja akatua sufuria kubwa ya pilau kando ya sinki, na jiwe likapasuka kutoka tundu la sinki hadi ukingo wa mbele.

Sasa sikieni kilichofuata, maanake hicho ndicho kilichotupeleka sisi huko. Hakuna aliyeuliza habari ya ukuta. Waliuliza habari ya pesa. Wakasema mweka hazina alinunua vitu rahisi akala tofauti. Risiti alikuwa nazo zote, zimepangwa kwa tarehe, lakini mtu akishaitwa mwizi risiti huwa karatasi tu. Mama yule alikuwa ameshika daftari la kikundi kwa miaka tisa. Akalirudisha, akatoka.

Tulikwenda pale na fundi mwingine. Akaweka pimamaji juu ya makabati, na wanachama wote wakaona lile povu dogo likikimbilia upande mmoja. Akaweka pembe mraba kwenye kona, wakaona mwanga ukipita katikati. Chumba kikanyamaza. Baadaye walimwendea yule mama nyumbani kumwomba radhi, naye aliwapokea kwa chai, lakini daftari alikataa kulishika. Mpaka leo kikundi hakijapata mwingine kama yeye. Jiwe walilinunua mara ya pili.

Mtasema, hayo ni mambo ya Nairobi. Ni kweli hapa Ngara kazi hizi ni nyingi. Kando ya Park Road peke yake zilijengwa nyumba 1,370 katika mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ujenzi ulioanza mwaka wa 2019, na wenye nyumba za zamani nao wanabomoa majiko yao ili wapangaji wasihame. Lakini tumeona kaunta za graniti hata vijijini, mahali ambapo maji bado yanatoka kwenye tangi la mvua. Pesa za kikundi zinazopotea Nairobi na zinazopotea kijijini ni zile zile, tena kijijini fundi wa kurekebisha yuko mbali zaidi.

Kiwiko cha mpishi

Kabla ya kumwita fundi yeyote, mpime mpishi. Ndiyo, mpishi, si chumba.

Fundi wa mjini atawaambia kaunta ni sentimita 90 kutoka sakafuni, atasema hivyo kabla hata ya kuwaangalia. Kipimo hicho si kibaya, ila ni cha mtu wa katikati ambaye pengine hayumo kikundini mwenu. Fanyeni hivi. Mpishi asimame wima na viatu vyake vya kazi, akunje mkono, mwenzake apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mtoe sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo pa kukatia mboga. Kwa kukanda unga shukeni kidogo zaidi, kwa sababu mtu hukanda kwa uzito wa mwili wake, hakandi kwa vidole.

Na ugali je? Hapo ndipo vipimo vya vitabu vinapotupa mkono. Sufuria yenyewe ina kimo chake, na mwiko unashikwa juu zaidi ya sufuria. Mkiweka jiko la gesi la mezani juu ya kaunta ya sentimita 90, kisha sufuria ya watu ishirini juu ya jiko, mama mfupi atasonga ugali mabega yakiwa karibu na masikio. Baada ya mwaka mmoja ataanza kwenda kununua dawa ya mgongo. Tunashauri sehemu ya jiko ishushwe, sentimita 20 hadi 30 chini ya kaunta nyingine, kulingana na ukubwa wa sufuria zenu. Fundi atalalamika kwamba haipendezi kwa macho. Mwacheni alalamike, hapiki yeye.

Hebu tuingize kahadithi kidogo hapa. Makabati haya yaliyoungana ukutani, na kaunta moja ndefu juu yake, yana historia yake. Mwaka wa 1926, huko Frankfurt, Ujerumani, mchoraji wa majengo aliyeitwa Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Alihesabu hatua za mpishi na kupima muda wa kazi kwa saa. Jiko lake lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na yalitengenezwa kama 10,000. Masanduku ya unga aliyafanya ya mbao za mwaloni kwa sababu wadudu wa unga hawaupendi mti huo. Mkuu wa mradi ule wa nyumba alikuwa Ernst May, na huyu May ndiye aliyekuja Afrika Mashariki mwaka wa 1934, akalima kwanza huko Tanganyika, kisha akafanya kazi ya uchoraji wa majengo hapa hapa Nairobi, hadi aliporudi kwao mwishoni mwa mwaka wa 1953. Jiko lile lilimpunguzia mwanamke hatua nyingi, lakini lilimfungia peke yake, maanake lilitosha mtu mmoja. Sisi tunapika wawili au watatu, na mtoto yuko kando anamenya viazi. Acheni nafasi ya watu wawili kupishana bila kusukumana, hata ikibidi mpunguze kabati moja.

Ukuta ukauke kwanza

Mabomba ya maji, njia ya maji machafu na waya za stima zimalizwe kabla ya kabati la kwanza kuingia. Hili mnalijua, hatutakaa hapo. Tunaongeza tu kwamba mpige picha ya ukuta kwa simu kabla plasta haijafunika mabomba, tena mkiwa mmeweka tepe ya kupimia ukutani ionekane kwenye picha. Siku seremala atakapotoboa ukuta kwa drili, picha hiyo itawaokoa.

Plasta mpya inahitaji wiki kadhaa kukauka. Kwa ukuta wa zamani, kateni kipande cha karatasi ya nailoni ukubwa wa gazeti, mkibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, mkiache usiku na mchana. Mkikitoa mkakuta matone ya maji upande wa ukutani, ukuta una unyevu. Msiupake rangi mkidhani mmemaliza. Tafuteni maji yanatoka wapi: mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, au udongo wa nje uliorundikwa kuliko sakafu ya ndani. Kabati likiwekwa kwenye ukuta wa namna hiyo, mgongo wake utaoza na mtasikia harufu ya ukungu kwenye unga wenu kabla hamjaona chochote.

Mstari wa maji

Hapa tutakaa kidogo, maanake ndipo kazi nzima inaposimamia.

Pimamaji ya fundi ni nzuri kwa kabati moja. Kwa chumba kizima kuna kitu rahisi zaidi ambacho kila kijiji kinaweza kupata: mpira wa maji mwembamba unaopenya macho, urefu wa mita 8 au 10. Ujazeni maji polepole mpaka mabaki ya hewa yatoke yote, maanake povu moja ndani linaharibu kipimo. Watu wawili washike ncha mbili, zote zikiwa wazi. Maji katika ncha moja yatasimama sawa kabisa na maji katika ncha ya pili, hata kama kuna nguzo au kona katikati. Maji hayajui kudanganya kwa sababu fundi ana haraka.

Wekeni alama ya kwanza ukutani, tuseme mita moja kutoka sakafuni. Mmoja abaki pale, mwingine azunguke chumba akiweka alama kila mahali maji yanaposimama. Unganisheni alama kwa uzi wenye chokaa au kwa penseli. Sasa mna mstari mmoja ulionyooka kuzunguka jikoni. Kutoka mstari huo pimeni kwenda chini hadi sakafuni, kila nusu mita, mkiandika namba ukutani. Mkikuta sentimita 101 na nusu karibu na mlango na sentimita 99 kwenye kona, sakafu yenu inatofautiana kwa sentimita 2 na nusu, na kona ndipo palipoinuka. Mahali penye namba ndogo ndipo pa kuanzia. Kabati la kwanza likae pale, na mengine yote yainuliwe kwa kabari au kwa miguu ya kuzungusha mpaka yalingane nalo. Fundi akianzia mlangoni, akifika kwenye kona itabidi akate kabati chini, na huo ndio mwanzo wa ngazi.

Kona nayo ipimwe. Kutoka kona, wekeni alama sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili. Kati ya alama hizo mbili inatakiwa iwe sentimita 100 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona si mraba, na yule mkata mawe lazima ajue.

Njia mbili za kubeba kaunta

Njia ya kwanza ndiyo tunayoipendelea kwa vikundi vya vijijini na kwa majiko ya kumbi. Mnajenga kuta fupi za mawe au matofali, kisha mnamwaga slabu ya konkriti juu yake, na milango ya mbao inafuata baadaye pesa zikipatikana. Kuta zisiachane zaidi ya mita moja. Slabu iwe na unene wa sentimita 7 na nusu, vyuma vya milimita 8 vikiwa upande wa chini vimeinuliwa kidogo ili simiti ivizunguke, na mchanganyiko wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nafasi ya sinki iachwe kwa kisanduku cha mbao kabla ya kumwaga. Tumeona watu wakimwaga kwanza halafu wanatoboa kwa nyundo, wakavunja vyuma na nguvu yote ikaisha. Slabu imwagiliwe maji siku saba, mbao za chini zisitolewe kabla ya wiki mbili, na mzigo mzito usubiri siku 28. Taili au terazo huja baada ya hapo.

Slabu kama hiyo yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60 ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Kwa hivyo msidanganywe na fundi anayetaka kuimwaga juu ya makabati ya mbao. Hayatabeba.

Mkijenga kuta hizo, pimeni kila nafasi ya mlango juu, katikati na chini. Zikilingana, seremala atatengeneza milango yote siku moja. Zisipolingana, kila mlango utakuwa na kipimo chake, na mtalipia.

Njia ya pili ni ya makabati ya mbao yenyewe kubeba kaunta, ambayo ndiyo mnayoiona kwenye nyumba mpya za hapa mjini. Hapo graniti ya unene wa sentimita 2, urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60, ina uzito wa karibu kilo 65. Ni mzigo wa mtu mzima amelala juu ya kabati mchana na usiku. Makabati mazuri yataubeba, mradi yakae sawa, yafungwe pamoja kwa skurubu, tena yafungwe ukutani kwa skurubu na plagi, si kwa misumari. Kabari zinazoinua makabati ziwe za mbao ngumu au plastiki na zikae chini ya mbavu za kabati. Karatasi iliyokunjwa si kabari. Tunalisema kwa sababu tumelikuta.

Makabati ya juu yafungwe kwanza, kabla ya yale ya chini, ili fundi asimame karibu na ukuta asilazimike kuinama juu ya kazi mpya. Yakae sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta. Juu ya jiko la gesi acheni nafasi kubwa zaidi, angalau sentimita 65, au msiweke kabati kabisa. Juu ya jiko la makaa au kuni msiweke kabati la mbao hata mkiambiwa nini, na dirisha la jiko hilo libaki wazi.

Chini ya makabati jengeni kizingiti cha simiti cha sentimita 10, ili maji ya kupiga deki yasifikie mbao. Kitu kidogo hiki kinaongeza maisha ya kabati kuliko vanishi yoyote.

Kuhusu mbao zenyewe. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 ikatangaza kuondoa marufuku hiyo. Katikati hapo bei ya mbao ilipanda, na mbao mbichi zikauzwa kama zilizokauka. Zoea hilo la kuuza mbao mbichi halijaisha. Saipresi mbichi ikishapigwa kuwa mlango itajikunja jikoni kwa joto. Inueni ubao: ukiwa mzito kuliko mwenzake wa ukubwa ule ule na ubaridi mkononi, una maji. Kwa kabati la sinki tumieni mbao au blokibodi, na kingo zote zipakwe rangi ya mafuta au gundi isiyopitisha maji, hata zile zisizoonekana, hasa zile zisizoonekana. Chipibodi iacheni kwa makabati ya juu.

Mkata mawe aje mwisho

Makabati yakishasimama, yakishafungwa, na pimamaji ikishalala juu yake bila kuyumba, hapo ndipo mwiteni fundi wa mawe aje kupima. Si kabla. Asipime ukuta, apime makabati na ukuta vyote viwili, tena akate kiolezo cha kadibodi au plaiwudi nyembamba kinachofuata tumbo la ukuta. Kiolezo hicho mkiweke mahali pake mkione kwa macho yenu kabla jiwe halijaguswa. Ukingo wa mbele upite milango kwa sentimita 2 au 3, maji yasitiririke juu ya mbao.

Sinki lenyewe na jiko lenyewe viwepo siku hiyo. Msimpe fundi picha ya sinki. Tundu la sinki ndilo mahali dhaifu pa jiwe lote, maanake mbele na nyuma yake hubaki kipande chembamba. Chini ya vipande hivyo wekeni mhimili wa mbao ngumu au chuma, upande wa mbele na wa nyuma, na kona za tundu ziwe za mviringo, si kali. Lile jiwe la akina mama wa Ngara lilianza kupasuka kwenye kona kali.

Kati ya kupima na kuleta jiwe zinaweza kupita siku nyingi. Watu hukosa subira, wanaweka ubao wowote juu ya makabati na kuanza kupika. Tumieni plaiwudi mkitaka, lakini msikate nyama juu ya mbavu za kabati wala msipande juu yake kubadilisha balbu. Kabati likisogea milimita chache, kipimo chote kimeharibika.

Sasa neno kwa wale wenye vikundi vya vijana, maanake tumeona vijana wengi wakijiajiri katika kazi hii ya kukata mawe kandokando ya barabara. Vumbi la graniti lina silika. Likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Mawe yale ya kutengenezwa kiwandani kwa unga wa kwazi na gundi ndiyo mabaya zaidi, maanake silika ndani yake inaweza kupita asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana waliougua wakiyakata. Kijana akate huku maji yakimwagika juu ya msumeno, avae barakoa ya vumbi inayobana uso, si kitambaa. Na nyinyi mnaonunua, msikubali jiwe likatwe kavu ndani ya jikoni mwenu. Mkilipia maji na barakoa, mmelipia mapafu ya mtoto wa mtu.

Mtungi wa gesi nao. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kukaa ndani ya kabati ikingoja cheche. Mtungi ukae nje kama inawezekana, na paipu ipite ukutani. Ukilazimika kukaa ndani, kabati lake liwe na matundu ya hewa chini kabisa, karibu na sakafu, yanayotoa hewa nje ya ukuta.

Daftari

Tunamaliza na pesa, kwa ajili ya yule mama.

Kamati ya kazi iwe na watu watatu, na mmoja wao awe mpishi mwenyewe. Fundi asipewe pesa zote za kazi mwanzoni. Mpeni ya vifaa, mkanunue naye pamoja. Malipo ya mikono yagawanywe: sehemu moja mstari wa maji ukishazunguka chumba na kukaguliwa, sehemu ya pili makabati yakishasimama sawa, sehemu ya tatu kaunta ikishawekwa na sinki likishajazwa maji na kufunguliwa mara tatu bila tone chini. Kila hatua, wanachama waliopo waone pimamaji kwa macho yao, na katibu aandike vipimo katika kumbukumbu za mkutano: kimo cha mstari, namba za sakafuni, kona ilizidi au ilipungua kiasi gani, nani alipima. Fundi atie sahihi. Mweka hazina akiwa na ukurasa huo, siku kitu kitakapopasuka kikundi kitaanza kwa kufungua ukurasa.

Wengine mmeuliza kama mnaweza kuweka makabati sasa na kaunta mwaka ujao. Inawezekana, mkiweka plaiwudi nene iliyopakwa rangi ya mafuta juu yake, mkiwa mmeacha nafasi ya unene wa jiwe katika kimo mlichopima. Siku jiwe litakapokuja, rudieni pimamaji upya, kwa sababu sakafu hushuka na mbao hucheza.

Haya, tutoke nje. Fundi amejaza maji mpira wa mita 10 na ukuta ule wa nyuma ya ukumbi hauko sawa, tumeuchagua kwa makusudi. Kila kikundi kitume watu wawili, mmoja wa kushika ncha na mmoja wa kuandika. Wapishi mje na tepe zenu, tutapima viwiko tukiwa tunangoja zamu.